Uliza Ujibiwe: Matatu ni senti ngapi, na mbao imetoka msitu gani?

Mhariri, asalaam aleikum. Hapa maskani yetu Majengo, Mombasa, tumebishana wiki nzima juu ya neno "matatu". Mzee mmoja ashikilia kuwa ni nauli ya zamani, senti thelathini. Kijana wa steji asema ni mabenchi matatu yaliyokuwa nyuma ya gari. Mwengine atwambia neno ni la Kikuyu, Kiswahili hakihusiki. Na yuko aliyesema ni kwa vile gari hilo halikosi nafasi ya watu watatu zaidi. Tumewekeana dau la kahawa na kashata, tuamulieni. (Msomaji, Majengo)

Waaleikum salaam. Kahawa mpeni mzee, kashata mpeni yule wa Kikuyu, kwani huenda wote wawili wasema jambo moja kwa ndimi mbili. Wale wengine wawili ndio walipe.

Tuanze na dai jepesi kuangusha. Ngeli za Kiswahili hazina mchezo: watu huwa watatu, viti huwa vitatu, safu huwa tatu, na ni vitu vya ngeli ya MA peke yake vinavyokuwa matatu. Nafasi ya watu watatu ingetupa "watatu", na hakuna aliyepata kupanda watatu kwenda Likoni. Huo ni utani wa abiria waliobanwa, na ulinoga zaidi kabla ya Februari 2004, pale kanuni za Waziri wa Uchukuzi John Michuki zilipompa kila abiria kiti na mkanda wake, zikaleta kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa na ule mstari wa manjano ubavuni. Wakati huo neno lilikuwa na umri wa kuoza. Kwa kipimo hicho hicho, asemaye kuwa ni safu tatu za viti ameanguka pia. Na asemaye ni magurudumu matatu amepita mtihani wa ngeli lakini amefeli mtihani wa macho, kwani chombo cha magurudumu matatu ni tuktuk, iliyotujia miongo kadhaa baadaye.

Mabenchi yataka subira kidogo, maana "mabenchi matatu" ni Kiswahili kisicho na doa, na ni kweli magari ya mwanzo yalikuwa na mabenchi. Tatizo ni kuwa hayakufanana. Kwenye pikapu iliyofunikwa nyuma, kama zile za Peugeot 404, mabenchi mawili hukaa kwa urefu yakitazamana, na la tatu likiwapo huegemea kichwa cha gari. Kwenye Kombi ya Volkswagen viti vimekingama. Vile vigari vikongwe vya Ford Thames vina mpangilio wao. Jina lililoenea juu ya magari yote haya lilihitaji kitu ambacho yote yalikuwa nacho, na kitu hicho ni nauli. Isitoshe, anayeita abiria hanadi mabenchi. Anadi bei na mahali.

Sasa senti thelathini. Hapa hatutegemei kumbukumbu ya mtu, kwani sarafu zenyewe zatosha kutoa ushahidi. Chini ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyotoa pesa zetu wakati wa ukoloni, chenji iliyokuwa mifukoni ni senti 1, senti 5, senti 10, senti 50 na shilingi. Ya senti 10 ilikuwa sarafu pana ya shaba yenye tundu katikati na pembe za ndovu zikilizunguka. Ukiwa na sarafu hizo, njia fupi kuliko zote ya kulipa senti 30 kamili ni vipande vitatu vya senti 10. Hakuna vipande viwili vinavyofika hapo. Hesabu mwenyewe.

Mwaka 1966 Kenya ikatoa sarafu zake, zenye kichwa cha Mzee Jomo Kenyatta, na ndani yake kukawa na ya senti 25. Tangu hapo senti 30 ziliweza kulipwa kwa vipande viwili: 25 na 5. Kwa hiyo nauli kuitwa kwa "vitatu" kwaelekea zaidi kuwa desturi iliyoanza wakati wa sarafu za tundu, au walau na watu ambao mikono yao ilikuwa imezizoea. Hilo lalingana na magari yenyewe, ambayo yalikuwa yakiwinda abiria wa Nairobi kabla ya kuruhusiwa. Kibali kilikuja 1973 kwa amri ya Rais Kenyatta, na sheria ya kuyasajili rasmi kama matatu ikafuata 1984. Neno lilitangulia karatasi.

Je, ni "matatu" ya lugha gani? Hapa ndipo ugomvi wa kweli ulipo. Kwa Kikuyu, kipande cha senti kumi ni *ng'otore*, na vitatu ni *mang'otore matatũ*. Neno latoka mzima-mzima, na latoka Nairobi, ambako biashara yenyewe ilianzia. Kwa Kiswahili, kipande hicho hicho ni peni, lakini mjuzi wa lugha atakwambia peni ni ya ngeli ya I/ZI, hivyo vitatu ni "peni tatu". Ili tupate matatu ni lazima tuseme "mapeni matatu", kama watu wengi wasemavyo mtaani, ila basi tuwe tumekubali kuwa ni usemi wa mtaani.

Mtetezi wa Kiswahili amebakiwa na hoja moja, nayo si haba. Irabu ya mwisho ya neno la Kikuyu ni ile ũ yenye alama juu yake, ambayo sikio la Mswahili huisikia kama o. Sisi twasema matatu kwa u iliyo wazi. Maana yake ni kuwa hata kama neno lilizaliwa kwa Kikuyu, lilipofika kinywani mwa Mswahili alilitambua mara moja kuwa ni tatu yake na akalitamka kwa u yake. Lugha hizi mbili ni za Kibantu na zarithi tatu moja, kwa hivyo anayetaka kuzitenganisha hapa atafute kwanza kisu chembamba sana. Hukumu yetu: thamani ni ya mzee wenu, na uzito wa ngeli pamoja na mahali umeegemea Kikuyu.

Mimi nauza viazi soko la Kongowea. Kila siku nasema "mbao" kwa shilingi ishirini, lakini juzi mteja akaniuliza mbao na pesa vina uhusiano gani, nikashindwa. Ni mbao za mti?

Si za mti, dada. Wapo wanaosema noti ya shilingi 20 ilikuwa ngumu kama ubao, lakini basi ya shilingi 10 na ya 5, zilizochapwa kwa karatasi ya aina moja, mbona hazikuitwa hivyo?

Fuata thamani. Noti ya shilingi 20 ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilikuwa imeandikwa juu yake kuwa ni shilingi 20 au pauni moja. Hata baada ya Uhuru, serikali ya Kenya iliendelea kwa miaka mingi kusoma bajeti yake kwa pauni za Kenya, na kila pauni ni shilingi 20 kamili. Si 19, si 21. Neno la mtaani linapokaa juu ya namba moja bila kutikisika, mtafute mwenye namba hiyo, na mwenye ishirini ni pauni.

Imebaki sauti. Kikuyu hakina p ya asili, na p ya kuazima huigeuza mb. Pesa kwao ni *mbeca*. Ukiipitisha pauni kwenye mlango huo huo utapata mbauni, na mtaa haupendi maneno marefu: kata mkia, yabaki mbau. Mswahili akisikia mbau atasema mbao, kwa kuwa neno hilo analo tayari na analijua. Ndivyo neno geni linavyovaa kanzu ya neno la nyumbani, kisha watu wakaanza kutafuta msitu lilikokatwa.

Noti yenyewe imekwisha, tangu 1998 shilingi 20 ni sarafu, na bado ni mbao. Angalia tu mpaka wa matumizi yake: mbao mbili ni 40 na husemwa, lakini hakuna anayefika 100 kwa mbao tano. Hapo pana neno lingine, soo, ambalo halina ugomvi mkubwa: ni mia kwa Kigujarati, na wafanyabiashara wa Kihindi wa mji huu wamehesabu kwa lugha hiyo tangu zamani. Ashara, yaani kumi, ni Kiarabu. Thao ni elfu ya Mwingereza iliyokatwa. Mfuko mmoja wa chenji, na ndani yake lugha nne.

Nyanya yangu, Mtwapa, huita senti hamsini "thumni". Mwalimu wetu wa madrasa asema thumni kwa Kiarabu ni sehemu moja ya nane. Senti hamsini ni nusu ya shilingi, si moja ya nane. Nani amekosea?

Hakuna. Mwalimu amegawanya shilingi, na nyanya hagawanyi shilingi.

Ukigawanya shilingi kwa nane wapata senti 12 na nusu, na sarafu kama hiyo haijapata kuwako. Kilichogawanywa ni riale, ile fedha kubwa ya Maria Theresa iliyotembea pwani hii yote kabla ya wakoloni kuleta yao. Riale ilihesabiwa karibu rupia 2. Mwaka 1920 rupia ikafungwa kwenye shilingi 2 za Kiingereza na kugeuzwa florini, na mwaka uliofuata florini ikavunjwa kuwa shilingi 2 za Afrika Mashariki. Basi riale ni rupia 2, ni shilingi 4. Gawanya shilingi 4 kwa nane: senti 50. Riale imekufa, lakini kipande chake cha nane kimebaki mdomoni mwa nyanya yako kikiwa na thamani ile ile.

Na kwa kuwa wengi hutuuliza juu ya "daladala" ya jirani zetu wa Tanzania, hesabu yake ni ya ukoo huo huo. Dala ni shilingi 5. Yapo madai kuwa magari hayo yalipoanza Dar es Salaam miaka ya 1980 nauli ilikuwa shilingi 5, na dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi 5. Nusu ya kwanza ni sawa, ya pili si sawa. Tangu pauni ya Uingereza iliposhushwa thamani mwaka 1949 hadi dola 2.80, dola ilizidi shilingi 7, na haikurudi tena kwenye 5. Dola ilikuwa shilingi 5 kabla ya hapo, pauni ilipokuwa na thamani ya takriban dola 4: ishirini gawanya kwa nne. Waingereza wenyewe waliita shilingi 5 "dola" kwa sababu hiyo. Kwa hiyo dala ni neno la zamani la kipande cha shilingi 5, na konda wa Dar alilikuta likimngoja.

Je, "pesa" ni Kireno? Mwongoza watalii mmoja pale Fort Jesus awaambia wageni kuwa yatoka kwa "peso", kwa vile Wareno walikaa Mombasa.

Wareno walikaa, na hawakuondoka mikono mitupu wala hawakutuacha mikono mitupu: meza ni yao, leso ni yao, na gereza latokana na neno lao la kanisa. Ngome walianza kuijenga 1593 na wakaipoteza kwa Waomani 1698. Lakini peso ni sarafu ya Wahispania. Mreno wa wakati huo alihesabu kwa reali na kruzado. Ukitaka Kireno, chukua neno ambalo Mreno mwenyewe alikuwa nalo mfukoni.

Pesa ni paisa ya Kihindi, kipande kidogo cha shaba, na 64 hufanya rupia moja. Thibitisho lipo hapa hapa: Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipochukua pwani ilipiga sarafu zake mwaka 1888, zikiwa na jina la Mombasa, na kipande cha shaba chenye picha ya mizani ndicho kilichokuwa pesa. Maana ya "fedha yoyote" ilikuja baadaye, neno la kipande kidogo likameza mfuko mzima.

Ukitaka kujipima mwenyewe juu ya neno jingine, fanya hivi. Kwanza tafuta neno katika kamusi ya Krapf, mmishonari aliyefika Mombasa 1844 na kamusi yake ikachapishwa London 1882. Aliandika Kiswahili cha Kimvita, kwa hivyo likiwamo humo, basi si Sheng hata kama vijana ndio walitumiao leo. Kisha angalia ile ya Johnson ya 1939, halafu Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981. Kukosekana si ushahidi mkubwa, kwani watunga kamusi waliruka maneno ya vilabuni na ya steji, lakini kuwapo ni ushahidi. Baada ya hapo pima ngeli, pima sauti, na kama ni neno la pesa, chukua kalamu ufanye hesabu. Akikwambia mtu kuwa neno la mtaani ni herufi za mwanzo za sentensi ya Kiingereza, mshukuru uende zako.

Manamba, yule anayejaza gari steji, aitwa hivyo kwa nini? Ni kwa sababu ya kuita namba za njia?

Kwa Mombasa jibu hilo halikai. Namba za njia ni mambo ya Nairobi, ambako matatu zilirithi namba za mabasi. Hapa steji huitwa kwa mahali: Likoni, Docks, Bamburi, Mtwapa, Mikindani. Manamba wetu angekuwa na namba gani ya kuita?

Neno ni kongwe kuliko steji. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, vibarua walioajiriwa kutoka mbali kwa mkataba waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba yake. Mtu wa kijungujiko, asiye na cheo wala mshahara wa mwezi. Anayejaza gari kwa ujira wa kila gari linapojaa ni mtu wa sampuli hiyo hiyo, na jina lilimkaa. Wapo wanaotaja beji za namba ambazo wafanyakazi wa magari huvaa, na beji hizo huenda zililipa jina nguvu, lakini hazikulizaa. Usimchanganye na konda, ambaye hupanda na gari na kukusanya nauli. Manamba hubaki chini gari likiondoka. Utingo naye ni wa lori.

Mwanangu aliandika kwenye insha "matatu haya yamejaa", mwalimu akamkata alama. Alikosa?

Kwa asili ya neno hakukosa, kwani ma- hiyo ni ya ngeli ya MA kama tulivyoona juu. Lakini neno lishahama. Leo gari moja ni matatu na kumi pia ni matatu, hakuna anayesema "tatu moja", na matumizi sanifu yameliweka kwenye I/ZI. Kwenye mtihani aandike "matatu hii imejaa" na "matatu hizi zimejaa". "Mathree", jina lake la Sheng, aiache steji.